Mto wa Dada Mkubwa

Mlango wa Dada Mkubwa ulikuwa haujui kufungwa. Mdogo wake aliporudi kutoka hospitali na goti lililoshonwa, watu walijaa sebuleni kama msibani, tofauti ni kwamba hapa walicheka. Mdogo mtu alikuwa fundi wa vigae, na mtaa mzima ukimwita Vigae. Ngazi ilimtupa akiwa kazini, na kazi yenyewe ni ya kupiga magoti kutwa. Goti likigoma, hana ufundi mwingine wa kumlisha.

Bwana wa mazoezi ya viungo akaja, mpole wa maneno, mikono kama koleo. Aliukunja mguu na kuunyoosha hadi kilio cha Vigae kikafika jikoni. Kabla ya kuondoka akawaonya dada na mdogo: mguu ulazwe umenyooka, na asiwekewe mto chini ya goti hata ukimuuma vipi. Goti likizoea kupinda, litagandia hapo hapo.

Mama Jirani akasema yule si tabibu, ni askari. Wakaangua kicheko, na tangu hapo bwana wa watu akaitwa Mvunja Mifupa.

Dada Mkubwa hakucheka. Wazazi walipofariki, yeye ndiye aliyemlea Vigae, na kilio kile kilimkata maini. Jioni, alipomkuta anasaga meno, alichukua mto wake wa pamba, akaukunja, akausukuma chini ya goti. Vigae alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Akalala.

Ikawa ndiyo desturi. Mvunja Mifupa akibisha hodi, mto unaingia kabatini, akitoka, unarudi. Wageni nao hawakumwacha Vigae anyooshe hata mkono: maji hapo, chakula hapo, umbea wa mtaa mzima hapo hapo kitandani. Mvunja Mifupa alipouliza mbona goti haliachii, Dada Mkubwa aliapa kwamba mazoezi wanafanya. Vigae akatazama dari.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa aliyeumbua ni godoro. Siku moja Mvunja Mifupa alipitisha kiganja chini ya goti, kikapita chote bila kugusa goti. Akaona na pale godoro lilipobonyea.

"Mama, mnamwekea mto?"

Sebule nzima ikamgeukia Dada Mkubwa.

"Namwekea mimi," alisema Dada Mkubwa.

Hospitali wakapima tena. Kovu lilikuwa limekomaa ndani. Kutembea atatembea, kwa kuchechemea. Kupiga magoti asahau.

Habari ikatembea, wageni wakapungua. Fundi mwenzake alikuja kuazima pima maji ya kusawazishia vigae, Vigae akamwambia asihangaike kuirudisha. Dada Mkubwa aliutupa mto uani, akarudi kukaa ukingoni mwa kitanda.

Giza lilipoanza kuingia, Vigae alianza kusaga meno.

"Dada, niletee mto."

"Usinitese, mdogo wangu. Nimekuua kwa mkono wangu."

"Alituambia wote wawili, na mimi nilisikia. Kila jioni nilikuwa naungoja." Akageuzia uso ukutani. "Ulete tu. Sasa haudhuru tena."

Dada Mkubwa akatoka uani. Aliukung'uta vumbi, akaukunja kama alivyozoea, akamwinua mguu taratibu.