Hotuba ya Watu Wanne

Mara ya kwanza walipokwenda kumposa Mialy, mjomba Solofo alimsalimia marehemu.

Hakukusudia, na nani angekusudia jambo kama lile? Alisimama katikati ya sebule ya mzee Ratsimba, baba yake binti, lamba yake nyeupe, ile shuka ya heshima, imemkaa vizuri begani, akawaomba radhi wakubwa waliostahili kusema kabla yake kama ada inavyotaka. Kisha akageukia upande wa wanawake na kusema kwa sauti tamu, "Na wewe mama mzaa binti, uliyeketi hapa mbele yetu ukiwa na afya tele..." Mama mzaa binti alikuwa kaburini. Picha yake ilikuwa ukutani, nyuma ya kisogo cha mjomba, imevishwa kitambaa cheusi pembeni.

Volatiana, dada mkubwa wa bwana harusi, aliinua mkono kumzuia, akachelewa. Ami zake Mialy walisimama wote. Msemaji wa upande wao, Ramaroson, mtu mwembamba mwenye ulimi mkali, aliinuka naye. Alikunja lamba yake tu, kama mtu anayefunga duka. Mzee Ratsimba hakufungua kinywa, kwa sababu siku ya posa baba wa binti hasemi, msemaji ndiye mdomo wake. Alitazama picha, akatazama sakafu, na wageni wakafunguliwa mlango kabla wali haujapakuliwa.

Kutolewa nje kabla ya wali! Volatiana alizishuka zile ngazi ndefu za mtaani akishika ukuta, na nyuma yake mdogo wake Ndriana alikuwa analia waziwazi mbele ya wauza mboga. Mjomba alikuwa bado anauliza, "Nimesema nini? Jamani, nimesema nini?"

Chanzo cha balaa lile kilikuwa karatasi. Mjomba, anayekaa mbali, mjini Antsirabe, alikuwa ameazima hotuba ya harusi nyingine. Volatiana akasahihisha nakala moja na kumtumia picha ya nakala hiyo kwa simu. Ndriana, bila kujua, akasahihisha nakala nyingine ya zamani na kutuma yake. Mjomba akajikuta na hotuba tatu mkobani, akaikariri ile ambayo hakuna aliyeigusa. Kila mtu alifanya kazi yake vizuri, ila kila mtu alifanya peke yake.

Ikabidi watu wa kanisani waingilie kati, na baada ya kubembelezwa sana Ramaroson alileta jibu: waje mara moja tu, ya mwisho. Wakikosea tena, wasirudi, kwa kuwa ami zake Mialy wamekwisha kupata mtu mwingine wa kumwoza. Tena Ndriana na Mialy wasipigiane simu mpaka siku hiyo. Ndriana aliposikia alikaa chini palepale jikoni kwa dada yake.

Volatiana alikuwa anafanya kazi kwenye kampuni ya kupokea simu za wateja wa ng'ambo, wateja wenye hasira asubuhi hadi jioni. Yeye na wenzake waliandika majibu yao yote katika faili moja la mtandaoni, wote kwa wakati mmoja, mmoja akikosea mwenzake anamrekebisha kabla mteja hajamaliza kufoka. Akampigia mjomba wake.

"Mjomba, safari hii hakuna karatasi."

"Nitahutubia kwa nini sasa, kwa miluzi?"

"Tunaandika wote mahali pamoja. Unachoandika wewe huko, mimi nakiona huku papo hapo. Nikifuta, unaniona nafuta."

"Yaani ufute maneno yangu nakuangalia? Si ugomvi huo?"

"Ni ugomvi, mjomba. Bora tugombane humo kuliko sebuleni kwa watu."

Mjomba alinung'unika kuhusu vitoto vya siku hizi, lakini jioni ile kijistari chake cha kijani, cha kuonyesha anapoandika, kilitokea kwenye kioo cha simu ya Volatiana na kuanza kutembea, herufi moja, pumziko, herufi moja. Kijistari cha buluu cha Ndriana kilikimbia huku na huko kikirekebisha. Cha Volatiana kilikuwa cha zambarau. Mwanzoni walipigana vikumbo kweli kweli, mjomba akiandika sentensi na Ndriana akiipunguza kabla hajaweka nukta. "Ondoa mkono wako kwenye sentensi yangu!" mjomba aliandika pembeni, kwa herufi kubwa. Baada ya muda wakazoeana. Mmoja akichoka mwingine aliendeleza alipoachia, na Volatiana aliona kwa macho yake hotuba ikinenepa kama unga wa vitumbua vya mofo gasy uliochachuka.

Ndipo kikatokea kijistari chekundu. Juu yake paliandikwa jina: Mialy.

"Nimemtumia linki," Ndriana alikiri dada yake alipompigia. "Tumekatazwa kupigiana simu. Hakuna aliyetukataza kuandika."

"Wewe mtoto utatuua!"

"Dada, nani anaijua nyumba yao kuliko yeye?"

Wakati wanaongea, kijistari chekundu kilifuta aya nzima. Aya aliyoitunga mjomba kwa siku mbili, ya kumwomba radhi marehemu mama mzaa binti, aliyoifananisha na ua lililonyauka kabla ya jua kuzama! Ilitoweka yote mbele ya macho yao. Volatiana alipiga ukelele. Mjomba alipiga simu.

"Nani? Nani kafuta ua langu?"

"Wifi yangu, mjomba. Subiri, anaandika."

Kijistari kiliandika polepole: *Hakupenda maua. Alipenda kuku wake. Mtajeni na kuku wake.*

Volatiana alijiandaa kwa mvua ya matusi, kwa maana mjomba Solofo hakuwahi kukosolewa na msichana, sembuse msichana ambaye bado hajaolewa.

"Kuku?" mjomba aliuliza mwishowe.

"Ndivyo anavyosema."

"Haya. Kama wifi yako anasema kuku, ni kuku. Yeye ndiye aliyekuwa na mama huyo, si mimi."

Toka siku hiyo wakawa wanne. Mialy wa kwenye faili alikuwa mtu wa maneno machache na amri nyingi. *Ondoa hii. Ami mkubwa si mwenye mvi, ni yule mfupi, mtajeni kwanza. Ndefu mno.* Volatiana alicheka peke yake akiwa kazini: wifi gani huyu, kama askari! Lakini alimpenda. Akaanza kumtania pembeni mwa hotuba, kama wifi na wifi wanavyotaniana.

*Wifi, baba yako alizaliwa kanuna au alijifunza ukubwani?*

*Alijifunza,* kijistari chekundu kilijibu.

*Ule uso kama mtu aliyelamba ndimu,* mjomba naye aliongeza, akiona kumbe panaruhusiwa mzaha. *Siku akicheka, itanyesha mvua ya mawe hadi pwani, Toamasina.*

*Na viatu vyake vinavyolia,* Ndriana akaandika. *Nikivisikia tu kwenye ngazi natafuta pa kujificha.*

Kijistari chekundu hakikujibu hayo. Kilirudi juu kurekebisha jina la kijiji cha babu yake Mialy. Siku moja Volatiana aliandika bila utani: *Wifi, niambie kweli. Baba yako anatuchukia?* Kijistari kilimemetameta pale pale muda mrefu, mpaka akadhani mtandao umekatika. Kisha kikaandika: *Bado hajui.*

Siku ikafika. Sebule ilikuwa ileile, picha ileile, na ami walewale wenye nyuso za kutaka kuona mtu akianguka. Mialy alikuwa ameketishwa chumba cha ndani na wanawake, kama kawaida, mpaka aitwe. Mzee Ratsimba alikaa kwenye kiti chake amejifunika lamba hadi shingoni. Volatiana alikaa nyuma ya mjomba, simu imefichwa ndani ya lamba yake, faili limefunguliwa, awe wa kumkumbusha akisahau.

Mjomba alisema vizuri. Aliomba radhi kwa mpangilio, ami mfupi kwanza, na ami mfupi akashtuka kuona anajulikana. Alipofika kwa marehemu na kumtaja pamoja na kuku wake, aliowalea kama alivyomlea binti, wanawake wa upande wa pili walishika midomo, na mmoja akatoka nje kulia. Volatiana alianza kupumua.

Hapo Ramaroson aliinuka.

"Mgeni wetu umesema vizuri," alisema, akitabasamu vibaya. "Umewaomba radhi walio hai, umewaomba radhi waliolala. Lakini katika nyumba hii kuna mkubwa mmoja umemruka. Au upande wenu mmezoea kuruka watu?"

Ami zake Mialy walicheka. Mjomba Solofo alianza kuwahesabu wakubwa kwa vidole vyake. Shingo yake ilianza kulowa jasho. Ndriana aligeuka kumtazama dada yake, macho yamemtoka. Mkubwa gani? Walikuwa wamewataja wote! Volatiana alipitisha kidole kwenye faili juu mpaka chini, chini mpaka juu, na kila jina lilikuwapo.

"Tunasubiri," alisema Ramaroson, na akaanza kuikunja lamba yake kama siku ile.

Kijistari chekundu kikatokea. Kilitokea pale pale, chini ya sentensi ya mwisho aliyoisema mjomba, na herufi zikaanza kudondoka moja moja. Volatiana alidhani anaota. *Bibi mzaa baba. Yuko chumba cha ndani kitandani. Haoni ila anasikia. Semeni kwa sauti.*

Alimvuta mjomba lamba na kumnong'oneza. Mjomba akavuta pumzi, akageukia mlango wa ndani na kunguruma, "Na wewe bibi yetu, mzaa mwenye nyumba, uliyelala ndani! Macho yako yamepumzika lakini masikio yako yanatulinda! Tunakuomba radhi, tumekosa kukutanguliza!"

Halafu kutoka ndani ikaja sauti nyembamba, kavu, yenye hasira ya kujifanya: "Nimesikia! Sijafa, usinipigie kelele! Wapeni wali hao watu!"

Nyumba nzima ililipuka kwa kicheko. Ami mfupi alicheka mpaka akajifuta machozi. Ramaroson alibaki ameshika ncha ya lamba, kinywa wazi, kisha, kwa kuwa ni mtu wa kazi na anaijua kazi nzuri akiiona, akainama kwa heshima na kusema kwamba upande wake hauna neno tena.

Mialy akatolewa. Alipoketishwa karibu yao, Volatiana alimkumbatia kwa nguvu hata kilemba kikamlegea, akamwambia sikioni, "Wifi, Mungu akulipe. Umetuokoa."

"Nimewaokoa na nini?"

"Si uliyoandika sasa hivi! Ya bibi."

Mialy alimtazama asielewe. "Nimeandika wapi? Simu yangu anayo baba. Aliichukua siku ileile waliyotukataza kupigiana. Sijaigusa tena."

Volatiana alimwangalia usoni kuona kama anatania. Akaingiza mkono ndani ya lamba na kutazama simu. Kijistari chekundu kilikuwa bado pale, kinamemetameta. Taratibu, kama mtu anayeogopa kuona anachokwenda kukiona, aliinua macho upande wa pili wa sebule.

Mzee Ratsimba alikuwa anatazama mbele yake, uso haujabadilika hata chembe. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya goti. Wa kulia ulikuwa ndani ya lamba, na pale kitambaa kilipokuwa chepesi, mwanga kidogo ulipenya.

Ndimu. Mvua ya mawe. Viatu. Alizaliwa kanuna! Yote yale walimwandikia yeye, machoni pake, siku baada ya siku, naye akisoma na kusahihisha majina ya vijiji. Volatiana alitamani sakafu ipasuke immeze na lamba yake. Aliandika neno moja baada ya jingine, akikosea na kufuta: *Baba, tusamehe.*

Aliona mabega ya mzee yakisogea kidogo chini ya kitambaa. Kijistari chekundu kikaanza kutembea.

*Mengine yalikuwa kweli,* kiliandika.

Kikasimama. Wanawake walikuwa wanapita na wali, ami mfupi anaimba, mjomba Solofo anapongezwa na kila mtu na kupokea pongezi zote kama haki yake. Ndriana na Mialy walikuwa wameshikana mikono mbele ya watu bila kuona haya. Kijistari kikaanza tena, polepole, herufi moja, pumziko, herufi moja, na Volatiana akasoma huku machozi yanamlengalenga na hana pa kuyaficha.

*Kila siku nilifuta maneno ya mjomba wenu kwa jina la mwanangu. Hakuna hata mmoja wenu aliyemwambia mwanangu anyamaze.*