Sauti ya Shangazi Nabintu

Jumatatu ile Pélagie alikuwa amebakiwa na siku tatu tu. Alhamisi basi lingemchukua shangazi yake, Nabintu, kuanza safari ya Kanada, na nyimbo za harusi za Kifuliiru, lugha ya kwao, alizozijua mama huyo hakuna mwingine katika kambi yao ya wakimbizi aliyezijua zote. Pélagie, aliyewahi kufundisha shule ya msingi kule kwao Lemera kabla ya kukimbia, alikuwa amezirekodi kumi na moja kwa simu. Lakini ndani yake mlikuwa na kikohozi, upepo na kelele za majirani wa Misiera, mtaa wao pale kambini. Alitaka programu ya kusafisha sauti.

Kompyuta alikuwa nayo, ya mitumba, aliyoinunua kwa Concilie, fundi Mrundi wa Kakiika, mjini Mbarara. Programu aliipakua mara tatu. Kila alipoibonyeza, kompyuta ilimwambia haijui faili hiyo ni ya nini. Akaifunga katika kitenge, akapanda gari la Mbarara.

Concilie aliitazama ile faili, akatabasamu.

“Mama Pélagie, hii imetengenezewa Windows. Kompyuta yako ni ya Linux, mfumo mwingine. Huku hatuokoti programu mtandaoni ovyo. Kuna ghala lake. Unaiagiza kwa jina, inakuja yenyewe.”

“Basi niagizie.”

“Ningekuagizia, lakini leo mtandao haupo mtaa mzima. Andika, utafanya nyumbani. Si kazi ngumu.”

Pélagie akatoa daftari, akaandika maneno manne ambayo Concilie alimtajia: sudo apt install audacity. Aliandika harakaharaka, gari la kurudi lilikuwa linajaa.

Kesho yake asubuhi aliketi mlangoni, akaunganisha kompyuta na simu ipate mtandao, akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri alilokuwa akiliogopa tangu aone kompyuta hiyo. Akanakili maneno. Kompyuta ikaomba neno la siri. Akaandika herufi ya kwanza, hakuna kilichotokea. Ya pili, kimya. Akabonyeza kwa nguvu. Akampigia Concilie.

“Mashini imekufa! Niko naandika, hakuna hata kitu inaonekana.”

Concilie akacheka hadi Pélagie naye akaanza kucheka bila kujua sababu.

“Haijafa, mama. Inaficha, hata idadi ya herufi haionyeshi. Andika mpaka mwisho, ubonyeze Enter.”

Akaandika kama anayeandika gizani. Neno likakubaliwa, lakini chini yake ukatokea mstari wa Kifaransa: aptinstall, commande introuvable. Amri haikupatikana.

Mkono ulikwenda kwenye simu, kisha ukasita. Miaka kumi na miwili alikuwa akiwaambia watoto wasome swali kabla ya kuinua mkono. Akasoma tena, polepole. Aptinstall. Mbona neno limekuwa moja? Akatazama daftari: kweli, kwa haraka zake alikuwa ameyabananisha maneno mawili. Akaandika upya, akaacha nafasi. Safari hii kompyuta haikulalamika. Ilimwuliza kama iendelee. Akabonyeza O, yaani oui, na mistari ikaanza kuteremka, mingi, akiitazama kama anayetazama maji yakijaa mtungini. Ilipokoma, katika orodha ya programu palikuwa na picha ndogo ya vipokea sauti vya masikioni.

Alifanya kazi siku ile nzima na asubuhi iliyofuata. Alijifunza kukata kikohozi bila kukata pumzi ya mwimbaji. Jumatano mchana akamwita Nabintu, akamvisha vipokea sauti.

Mama mzee alisikiliza akiwa amefumba macho. Wimbo wa tatu ulipokwisha akavivua.

“Hii ni mimi?”

“Ni weye, Shangazi.”

“Nilikuwa naimba vizuri hivi?” Kisha akakunja uso. “Lakini niliruka fasi moja. Pale mama ya bibi-harusi anaitika. Sikukumbuka siku ile.”

“Sasa unakumbuka?”

“Nakumbuka yote.”

Pélagie akafunga mlango kupunguza upepo, akasogeza simu karibu na mdomo wa shangazi yake. Nabintu akakohoa kwanza, makusudi, amalize kabisa, ndipo akaanza sehemu ya mama.