Kicheko cha Ng'ambo ya Barabara

Dirisha la sebuleni lilitazamana uso kwa uso na duka la kinyozi, barabara moja tu katikati, na hilo ndilo lililomtesa Fundi kuliko mshipa wenyewe wa moyo.

Mshipa ulikuwa umezibuliwa. Madaktari walipitisha mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia, wakaupandisha mpaka moyoni, wakaacha humo kijibomba cha waya ili njia ya damu isizibe tena. Akarudi nyumbani na mfuko wa dawa, doa la zambarau mkononi, na maagizo: asinyanyue kitu kizito, mkono upumzike, atembee kidogo kidogo.

"Na wembe uuweke mbali," muuguzi alimwambia. "Dawa hizi zinazuia damu kuganda. Ukijikata, usidhani itakoma kama zamani."

Fundi alicheka. Yeye aliushika wembe kabla hajaota ndevu zake mwenyewe, leo anahadharishwa nao kama mtoto.

Basi akawa mtu wa dirishani. Ng'ambo ya pili, katika duka lake mwenyewe, nyuma ya kiti alichozoea kunyolea wateja, alisimama mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, aliyefundishwa kazi na Fundi mwenyewe toka kushika kitana. Wateja walimwita Polepole. Fundi alizoea kumtania mbele yao: "Mkiingia kwa huyu na ndevu, mtatoka na nyingine zimeshaota." Wote walicheka, na Polepole naye alicheka, kwa kuchelewa.

Fundi alidhani wateja wangemsubiri. Hawakumsubiri. Mwalimu mstaafu, aliyeapa kwamba kichwa chake hakitaguswa na mkono mwingine, siku ya kwanza alikaa kwenye benchi akaitazama nyumba ya Fundi kwa huzuni. Siku ya pili akakaa kitini. Polepole akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akangoja. Hakuanza mpaka mzee aliposhusha pumzi na mabega yakalegea.

Hiyo ilikuwa yake. Fundi ndiye aliyekuwa haanzi mpaka mteja ashushe pumzi. Alijiona kama mtu anayeona shati lake mwenyewe likipita barabarani mgongoni mwa mwingine.

Lakini wateja ni wateja, huja na kuondoka. Lililomkereketa lilikuwa jingine, na hakulisema.

Kila alasiri mkewe alivuka barabara na chupa ya chai kumpelekea shemeji yake. Zamani aliiweka mezani, akageuka. Siku hizi aliingia, pazia la mlangoni likaanguka nyuma yake, na baada ya kitambo kikasikika kicheko. Fundi alikijua kicheko kile. Kilimfanya ampose yule mwanamke. Tangu atoke hospitali hakukisikia humu ndani, ambamo mkewe alitembea kwa ncha za vidole kama nyumba yenye mtoto aliyelala, akimhesabia vidonge na kumpunguzia chumvi.

"Siku hizi kupeleka chai imekuwa safari," alimwambia aliporudi.

"Shemeji ana maneno yule. Anakusalimu."

"Ana maneno? Tangu lini? Yule ukimuuliza jina lake, anafikiri kwanza."

Mkewe akatabasamu. "Mbona kama mahakamani? Daktari kasema usijipandishe hasira."

"Sina hasira. Nauliza."

"Haya, muulizaji. Meza dawa." Akamtazama kidevuni. "Na hizo ndevu, zitafugwa mpaka lini? Bado hutaki shemeji aje akunyoe?"

"Nilishasema, asiniguse."

"Haya," alisema mkewe, na kile kitabasamu kikarudi tena. "Tutaona."

Jioni Polepole alikuja kumjulia hali. Fundi aligeukia ukutani akajifanya amelala. Alisikia mdogo wake akiaga mlangoni kwa sauti ya chini: "Kesho tutamaliza, shemeji. Ila kaka asijue."

Maneno hayo yakamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kesho yake, mkewe alipochukua chupa na kuvuka, Fundi aliamua kuwafuata. Atainua pazia ayaone kwa macho yake. Lakini hakutaka kwenda na uso ule. Mtu hawezi kwenda kudai mke wake na duka lake akiwa na ndevu za mgonjwa. Akapapasa juu ya kabati, akautoa wembe wake wa mpini. Mkono wa kulia uliamriwa kupumzika, basi akaushika kwa kushoto.

Shavu la kwanza likaenda vizuri. Chini ya taya, wembe ukateleza.

Jeraha lenyewe halikuzidi punje ya mchele. Kwa kinyozi hilo si jeraha. Unagusisha jiwe la shabu la kukata damu, unaendelea. Akagusisha shabu. Damu ikapita. Akaweka taulo. Damu ikapita. Shingo ilipolowa mpaka kwenye kola, ndipo akamkumbuka muuguzi.

Akafika dirishani. Alitaka kumwita mkewe, lakini jina lililomtoka kinywani lilikuwa jingine.

"Polepole!"

Walikuja wote wawili mbio. Polepole alimkalisha, akakunja kitambaa safi, akakandamiza. Mkewe akampigia simu muuguzi.

"Anasema tukandamize tu, tusiachie. Isipokoma, tumpeleke."

"Hebu tazama kama imekoma," Fundi alisema.

"Bado."

"Hata hujatazama."

"Ukifunuafunua, inaanza upya. Tulia, kaka."

Mkono wa Polepole haukutikisika wala haukuharakisha. Fundi, aliyeucheka upole huo miaka nenda rudi, sasa aliuegemea kama ukuta. Na alipopata nafuu ya kutazama, aliona mkewe amevaa aproni ya dukani, imejaa vinywele vyeupe.

"Na hiyo aproni?"

Mkewe na Polepole wakatazamana.

"Ulisema nisikuguse," Polepole akasema hatimaye. "Shemeji akasema, basi nifundishe mimi. Mwalimu akajitolea kichwa na ndevu."

"Kwa mashine, si kwa wembe," mkewe akadakia. "Muuguzi alipokuwa akisema, mimi nilisikia. Wewe ulikuwa unacheka."

"Siku ya kwanza alimwacha na nusu sharubu," Polepole akaongeza. "Mwalimu kaenda nayo kwenye kikao cha ukoo. Tumecheka sana."

Fundi aliitazama tena aproni. "Mngeniambia."

"Tungekwambia, ungekubali?" mkewe akauliza.

Polepole akainua kitambaa kwa uangalifu. Damu ilikuwa imekoma.

"Kinyozi hajinyoi, kaka," alisema, na safari hii hakuchelewa kucheka.

Kidonda kilipokauka, mkewe alimkalisha karibu na dirisha, akawasha mashine. Kisha akaizima. Akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akangoja.

"Nani kakufundisha hiyo?" Fundi aliuliza.

"Shemeji."

Ilimchoma, asingeweza kusema haikumchoma.

"Na yeye," mkewe akauliza, kiganja kikiwa palepale, "alifundishwa na nani?"

Fundi akashusha pumzi. Mabega yakalegea yenyewe. Mashine ikaanza kuvuma, nyepesi, chini ya sikio.

Alipomaliza, Fundi alijishika kidevu. Palibaki vinywele viwili vitatu, hakuvisema. Badala yake alikodolea macho ng'ambo.

"Yule anayetoka sasa hivi ameachwa na nywele nyuma ya sikio la kushoto. Kamwambie mdogo wangu."

"Kamwambie mwenyewe. Barabara ndiyo hiyo."

Fundi akasimama. Akaichukua chupa ya chai kwa mkono wa kushoto, akaipimapima, haikuwa nzito.

"Leo," alisema, "chai napeleka mimi."

Nyuma yake, ndani ya nyumba, mkewe akacheka.