Vifaranga Elfu Sita

Mama mkwe wa dereva wa lori la samaki alikuwa mvuvi. Hakuwa wa nyavu wala mashua. Alikuwa wa mshipi na ndoana, wa kusimama ukingoni na viatu vya mpira tangu asubuhi mpaka jua lichome utosi, kwenye bwawa la juu milimani linalowapelekea watu wa bondeni maji ya bomba. Alipofiwa alichukua fimbo ya kuvulia ya marehemu mumewe. Wanaume wakamcheka mwaka mzima. Mwaka wa pili akaanza kuwazidi kwa samaki, wakaacha kucheka, wakampachika jina la Mama Ndoana. Jina lilimkaa, kwa sababu hata ulimi wake ulikuwa na ncha. Siku mwanawe, fundi seremala, alipompelekea mchumba anayeendesha lori la samaki, alimtazama binti yule kutoka kichwani mpaka kwenye nyayo, akauliza kama huko kwao wanaume wameisha.

Mkamwana alimeza. Miaka minne alimeza. Alikuwa dereva wa kituo cha kuzalisha samaki, kule chini inakoanzia milima, na kazi yake aliipenda: kuwabeba vifaranga wa urefu wa kidole kwenye matangi, kuwapandisha kona kwa kona hadi kwenye maziwa na mabwawa ya juu, kuwamwaga wakiwa hai. Lakini kila walipomtembelea mama mkwe, alihudumu kimya, akaosha vyombo, akaondoka bila kuulizwa hata habari za kazini.

Kisha ukuta wa bwawa ukapata nyufa. Serikali ikalikausha ili mafundi wazibe, na samaki wote wakaisha. Bwawa lilipojaa tena lilikuwa maji matupu. Chama cha wavuvi kikaandika barua kituoni kuomba vifaranga, na baada ya kuzungushwa sana kikakubaliwa elfu sita. Dereva aliyepangiwa safari akawa yeye.

Mama Ndoana alipopata habari alimpigia simu. Si kupitia kwa mwanawe kama ilivyokuwa desturi yake, alimpigia mwenyewe.

"Mwanangu," alisema, na dereva akakaa kitako kwenye ngazi ya lori, maana hakuwahi kuitwa hivyo. "Nimewaambia watu wote huku kwamba anayetuletea samaki ni wewe. Njoo wakuone."

Maneno hayo, "njoo wakuone", ndiyo yaliyomponza.

Jioni ya kuamkia safari alikwenda kusuka nywele, msusi akafika nusu ya kichwa, giza likaingia. Asubuhi akajifunga kitambaa na kwenda kupakia. Alipofungua koki ya mtungi wa oksijeni aliona mshale wa geji umelala karibu na sifuri. Mtunza stoo alikuwa hajafika. Kumsubiri kungekuwa kusubiri jua liwe kali, na vifaranga hawapendi joto. Akapiga hesabu: safari huchukua saa tatu, hewa iliyobaki itatosha. Na kwa kweli ingetosha, kama angekwenda moja kwa moja.

Katikati ya njia kuna mji mdogo, na kwenye mji huo kuna saluni inayofunguliwa mapema. Msusi akamwambia dakika ishirini tu, dada, nakumalizia. Dereva aliegesha lori kivulini. Dakika ishirini zikawa saa nzima, saa nzima ikapata mkia. Alipojitazama kwenye kioo alijipenda. Alilipa, akatoka, akapanda juu ya lori kuangalia mzigo kama ilivyo ada, na kabla hajafunua kifuniko akagundua kwamba hasikii ule mchemko wa mapovu kwenye mpira wa hewa. Kivuli kilikuwa kimehama. Bati la tangi lilimchoma kiganja.

Matumbo meupe yalikuwa yametanda juu ya maji, tangi la kwanza, la pili na la tatu. Alitia mkono akakoroga kwa nguvu, kama mtu anayeamsha mgonjwa. Wachache walitikisa mikia. Alipofika kwenye msitu wa misonobari, hata hao wachache walikuwa wametulia.

Pale msituni angeweza kupiga simu kituoni. Jambo hilo alilikumbuka baadaye kila siku: simu ilikuwa mfukoni, na mtandao ulikuwepo. Angepigiwa kelele, angepewa barua ya onyo, na baada ya wiki chache kituo kingetoa vifaranga wengine. Lakini juu kule watu walikuwa wanangoja, na mama mkwe alikuwa amewaambia. Akachukua ndoo. Aliwachota vifaranga wote, akawamwaga kwenye mtaro, akawafukia kwa udongo na majani ya misonobari. Kisha akajaza matangi maji ya kijito na kuendelea kupanda.

Ukingoni alikuta watu kama arobaini, wamevaa nguo za kutokea. Mwenyekiti wa chama, mwuza nyama mstaafu mwenye sauti ya mnadani, alimshika mkono kwa mikono miwili. Mama Ndoana alisimama mbele kabisa, akamzungusha mkamwana wake watu wamwone.

"Umependeza," alimwambia taratibu. "Nywele zimekupendeza sana."

Dereva aliwaeleza kwamba vifaranga wakimwagwa penye kishindo cha watu hupata mshtuko na kufa, kwa hiyo angewapeleka ng'ambo, mto unapoingilia, peke yake. Walimwamini. Mtaalamu akisema, nani abishe? Aliendesha mpaka ng'ambo, akafungua matangi, maji matupu yakamwagika ndani ya maji mengine, naye akaketi kwenye gurudumu kwa muda ambao kazi ya kweli ingechukua. Kisha akarudi na fomu.

Fomu ilitaka sahihi ya shahidi aliyeona. Mwenyekiti akasitasita, akasema kwa haki hakuna aliyeona. Mama Ndoana akamnyang'anya kalamu.

"Mimi sina haja ya kuona," alisema. "Huyu ni mwanangu."

Akaandika jina lake kwa herufi kubwa, akatia sahihi chini.

Bwawa lilifungwa mwaka na nusu ili samaki wakue, na Mama Ndoana akachaguliwa mlinzi. Aliifanya kazi hiyo kama mtu anayelinda mahari. Alitembea ukingoni asubuhi na jioni, akavunja fimbo za wajanja, akamfukuza hata shemeji yake mwenyewe, wakakosana. Kila wiki alimpigia mkamwana simu kumpa habari: leo ameona viduara juu ya maji, bila shaka ni wao wanadonoa wadudu, leo ndege mkubwa alitua, akamrushia mawe. Dereva alikuwa akijibu "ndiyo, mama", akishika simu mbali kidogo na sikio. Aliacha kwenda kumsalimia. Mumewe alipouliza, alisingizia kazi. Nywele alizinyoa, akasema kichwa kinamuuma.

Siku ya kufungua ilipofika hakwenda. Alipewa habari na mumewe aliyekwenda na kurudi amenyong'onyea. Watu sitini walitupa mishipi tangu alfajiri, na mpaka adhuhuri hakuna aliyepata hata mkia. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Ndipo maneno yakaanza. Kwanza ya chini chini, kisha mwenyekiti akayasema mkutanoni kwa ile sauti yake ya mnadani: kwamba walimkabidhi fisi bucha, kwamba samaki elfu sita hawawezi kuyeyuka, na kwamba mwenye kukaa na bwawa peke yake mwaka na nusu ndiye anayejua waliko. Wakamvua ulinzi. Wengine wakaacha kumwamkia.

Mama Ndoana aliteremka mjini kwa basi, akafika kwa mwanawe saa nne asubuhi. Fundi seremala alikuwa karakana. Dereva alikuwa na siku ya mapumziko, anachambua maharage jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa amekonda. Dereva alimwekea chai, naye akakishika kikombe kwa viganja viwili bila kunywa. Hakuja kulalamika, alisema. Alikuja kuuliza, kwa kuwa mkamwana ndiye mwenye elimu ya samaki. Alitaka kujua kama fisi maji mmoja anaweza kumaliza elfu sita. Au kama alikosea kuwarushia ndege mawe, pengine mawe yale ndiyo yaliwashtua, si mkamwana mwenyewe alisema kwamba hawapendi kishindo?

"Nimewaza usiku na mchana," alisema. "Nadhani nimewaua mimi, kwa kutojua. Niambie tu ukweli, sitakasirika."

Dereva aliweka ungo chini. Alikuwa amejiandalia uongo wa kila namna kwa siku kama hii, lakini wote ulikuwa wa kujibu hasira. Wa kujibu swali hili hakuwa nao.

"Mama, hawakuwepo," alisema. "Sikumwaga samaki. Walinifia njiani."

Akamweleza yote, mtungi, msusi, mtaro, maji ya kijito. Alieleza akitazama maharage. Mama mkwe hakumkatiza. Alipomaliza, jirani mmoja alisikika akikwangua sufuria.

"Ulikuwa unasuka," alisema Mama Ndoana hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Ili upendeze kwangu."

Dereva alitamani apigwe, atukanwe, aitwe jina lolote. Mama mkwe aliinuka, akamwaga chai yake kwenye karo, akaosha kikombe, akakifuta na kukirudisha kabatini. Katika nyumba ya mwanawe hakuwahi kuosha chombo. Aoshaye kikombe chake mwenyewe ni mgeni, si mama. Kisha akasema jambo moja tu: chama kinakutana Jumapili.

Jioni ile dereva alimwambia mumewe, naye akatoka kwenda kukaa karakana hadi usiku. Kesho yake alimwambia mkuu wa kituo. Alivuliwa usukani, akapewa brashi ya kusugua matangi.

Jumapili alisimama ukingoni mbele ya watu wale wale, safari hii amevaa gauni la kazini. Aliwaambia. Hakutaja kwamba alikuwa na haraka wala kwamba stoo ilikuwa imefungwa. Alitegemea makelele, lakini hayakuja. Mzee mmoja aliuliza, kwa upole kabisa, kama basi hamna samaki hata mmoja humu. Alipojibu kwamba hamna, yule mzee akaanza kuurudisha taratibu mshipi wake uliokuwa bado majini, na wenzake wakafuata, mmoja mmoja, mpaka maji yakabaki matupu. Mwenyekiti alikwenda kwa Mama Ndoana kumwomba radhi. Yeye akamwitikia kwa kichwa tu, bila kumtazama mkamwana wake.

Basi la kurudi lilikuwa limekwisha kupita, ikabidi alale kwa mama mkwe. Alitandikiwa chumba cha wageni, shuka safi, taulo juu yake.

Asubuhi aliamka mapema, akachukua ufagio, akaanza kufagia uwanja kuanzia mlangoni. Alikuwa amefika katikati mama mkwe alipotoka na viatu vyake vya mpira, akasimama kumtazama.

"Acha," alisema. "Utachelewa gari."

Dereva hakujua kama ni huruma au ni kufukuzwa, na hakuthubutu kuuliza. Aliuegemeza ufagio ukutani, akachukua mkoba wake, akaaga. Alipofika barabarani alisikia ufagio ukianza tena nyuma yake, tangu mlangoni, pale pale alipokwisha kufagia.