Kitabu Kisichoazimwa

Kufikia saa nne asubuhi Noella Ouellette alikuwa ameshagonga muhuri wa KIMEONDOLEWA kwenye vitabu thelathini vya maktaba yake. Vyote vilitoka kwenye rafu ya wazazi na walimu, rafu aliyoijaza mwenyewe kwa miaka ishirini: namna ya kumfundisha mtoto kiziwi kuhesabu, namna ya kumwambia mtoto kwamba baba yake amefungwa. Amri ilitoka wilayani: kitabu ambacho hakijaazimwa wala kusomwa kwa miaka mitatu kikasagwe. Vilikuwa arobaini na kimoja, na Bwana Haskell wa wilayani angevifuata saa kumi. Noella alikuwa amebakiza miezi minane kustaafu, kwa hiyo aligonga muhuri akafunga mdomo.

Saa sita na nusu aliingia Corinne Bragdon wa kiwanda cha viazi, buti zikidondosha theluji. Kila siku ya kazi alikuja kupumzikia pale, kona ile ile. Noella alidhani anafuata joto tu.

Corinne aliduwaa mbele ya rafu tupu.

"Mama, kile cha kijani kiko wapi? Cha watoto ambao herufi zinawachanganya?"

"Kwenye boksi. Kwani wewe unakisoma?"

"Mwaka mzima sasa. Kurasa mbili tatu kila siku, halafu jioni namfanyisha mwanangu Odette mazoezi. Ana miaka tisa, ndiyo kwanza anasoma jina lake bila kulia."

"Mbona hukukiazima, mwanangu?"

"Nikipeleke nyumbani, mama mkwe akione? Kesho yake mji mzima utasema nimezaa zuzu."

"Basi ungekiacha mezani. Vya mezani nahesabu kila jioni kwamba vimesomwa. Si kibao hicho hapo kinasema msirudishe vitabu rafuni?"

"Nimekiona. Nikaona aibu kukuongezea kazi. Nilikuwa nakirudisha palepale, sawasawa kabisa."

Noella alijichukia. Mwaka mzima alipita pale na kitoroli chake akihesabu vya mezani, na msomaji yuko mbele ya macho yake. Alikwenda kwenye boksi, akakitoa kitabu cha kijani, akakizungushia gazeti la jana na kukitia kwenye mfuko wa chakula wa Corinne.

"Kifiche chini ya mkate. Nenda, utachelewa zamu."

Saa kumi Haskell alihesabu mara mbili. Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa amepewa orodha.

"Arobaini, mama. Kimoja kimepungua."

"Kiko kwa msomaji."

"Msomaji gani? Hapa naona sifuri, miaka mitatu."

"Jina la msomaji halitajwi. Kanuni hiyo mmeibandika ukutani kwenu huko wilayani."

"Usinitafutie balaa, mama. Nikiandika pungufu watakuita."

"Waniite."

Haskell alishusha pumzi, akatoa kalamu.

"Haya, nijaze basi. Kitarudi lini?"

"Mtoto akijua kusoma."