Bibi Ameridhia

Binti alimbeba mama yake mgongoni kutoka kituo cha basi hadi ofisi ya miradi, kwa sababu mfumo mpya wa ridhaa haukutaka barua wala mwakilishi. Ulimtaka mwenye nyumba mwenyewe, uso kwa uso na kamera. Nyumba ilikuwa ya mama. Binti alishona magodoro katika chumba cha mbele, na daraja jipya lilichorwa kupita juu ya chumba hicho.

Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mama sauti na nusu ya mwili, kikamwachia kichwa kinachotikisika juu chini, juu chini, mchana kutwa. Watoto wa mtaani walimwita Mama Ndiyo, naye alikuwa akilicheka jina hilo. Akili yake ilikuwa timamu kuliko ya wengi wenye ndimi.

"Shikamoo, bibi," karani alisema, akiigeuza kamera. Kijana wa watu, adabu zake zote anazo. "Asiyeweza kusema anajibu kwa kichwa. Juu chini, anaridhia. Kushoto kulia, anakataa. Wazee mmefikiriwa."

"Kaka, hicho kichwa ni maradhi," binti alisema. "Mama anakataa. Akikataa ananibana mkono. Tazama mkono."

"Mfumo hausomi mkono, dada."

Kompyuta ikauliza kwa sauti tamu ya kike: je, unaridhia mradi upite? Mama akaubana mkono wa binti mpaka kucha zikazama. Kisha akajaribu kugeuza shingo. Mishipa ilimtoka, jasho likamchuruzika, kidevu kikasogea kushoto kidogo tu. Halafu kichwa kikarudi kwenye kazi yake.

Binti akamkamata mashavu.

"Mwachie, dada. Ukimshika umemlazimisha, na kumlazimisha mzee ni kosa. Nitaita askari."

Akamwachia. Aliogopa, na alijichukia kwa kuogopa. Kioo cha kompyuta kikageuka kijani.

"Basi. Bibi ameridhia."

"Rufaa je?"

"Ipo, mbona ipo. Anakuja mwenyewe, anajibu mbele ya kamera hii hii."

Nyuma yao, kwenye benchi, mtu alicheka. "Huyu kakubali upesi kuliko sisi sote."

Tingatinga lilifika siku binti bado anaburuta magunia ya pamba kuyatolea uani. Mama alikuwa kwenye kiti chake mbele ya mlango. Dereva alizima mashine, akashuka, akavua kofia. Alikuwa mtu mzima, na mtu mwema.

"Shikamoo, mama. Tumeagizwa tusiguse nyumba kabla ya kumwomba mwenyewe. Tuanze?"

Mkono wa mama ulipapasa hewani, ukitafuta mkono wa binti, aliyekuwa bado uani. Machozi yalimtoka. Kichwa kikaenda juu chini, juu chini.

"Ahsante, mama," dereva alisema, akimsogeza na kiti chake taratibu mpaka kivulini. "Laiti wote wangekuwa kama wewe."