Bakuli la Mia Mbili na Kumi na Nane

"Aliyerudi hapewi sambusa za kuchemsha," mke wa Geng alisema, na kisu chake kikaendelea kukata tambi ubaoni. "Hizo tunampikia anayeondoka. Anayerudi anakula tambi. Au mnataka aende tena?"

Mwandishi wa televisheni ya wilaya, kijana aitwaye Shen, alicheka kwa adabu. Alieleza kwamba sambusa zinapendeza kwenye kamera: familia imezunguka meza, mikono imejaa unga, mvuke unapanda. Tambi hazina sura ya sherehe.

"Basi piga picha ya meza tupu."

Geng Wancang alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, ndani ya koti jipya aliloletewa na mwenyekiti wa kijiji asubuhi hiyo kwa ajili ya kamera. Lilimbana kwapani. Siku tatu tu zilikuwa zimepita tangu arudi kutoka Libya iliyoingia vitani, na siku zote tatu alikuwa na hasira ambayo hakujua aitue wapi. Majirani walijaa hadi langoni, wengine wamesimama juu ya rundo la mabua ya mahindi ili waonekane kwenye televisheni.

Shen alitoa karatasi kwenye mkoba. "Fundi Geng, hiki ndicho kilichotuleta. Picha hii imetoka kwenye gazeti moja la ng'ambo."

Geng aliitazama. Alijiona mwenyewe bandarini Benghazi, kichwa kimenyolewa, mdomo wazi kwa kukosa pumzi, na mtu mgongoni. Chini ya picha kulikuwa na maneno ya kigeni, na chini yake Shen alikuwa ameandika tafsiri kwa kalamu: *Wafungwa wa Kichina waliopelekwa kufanya kazi za lazima wakitoroka Libya.*

Alisoma taratibu, kama alivyosoma kila kitu. Alipomaliza akasoma tena.

"Mfungwa nani?"

"Ndivyo wanavyotuandika," alisema Shen, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli. "Tumewatoa watu wetu kwa meli, kwa ndege, kwa mabasi, na wao wanaona wafungwa. Nataka uwajibu."

"Huyo mpiga picha namkumbuka," Geng alisema. Damu ilikuwa imempanda usoni. "Ana koti lenye mifuko kama ishirini, na kwenye mfuko mmoja chupa ya maji. Alikuwa karibu yangu kama wewe hapo. Nikamwonyesha kwa kidole: mgonjwa huyu ana kiu, mpe hata funda moja. Akapiga picha, akaenda zake."

"Sema hivyo hivyo! Washa kamera, washa!"

Kamera ikawashwa, na Geng akasema bila kubembelezwa. Alisema yeye ni mpishi wa kambi ya ujenzi. Kichwa ananyoa kwa sababu jikoni kuna joto la kuchoma, na unywele mmoja ukionekana kwenye supu, wanaume zaidi ya mia mbili wanamtukana mama yake. Kituo cha polisi amewahi kukanyaga mara moja tu maishani, kwenda kuripoti baiskeli iliyoibwa, na hawakuipata. Majirani wakaangua kicheko. Shen naye alitabasamu kwa furaha, kama mtu aliyeona samaki ameshika ndoano.

"Na huyu uliyembeba, Fundi? Watazamaji watapenda kumjua."

Kicheko kilikatika ghafla. Karibu na ukuta alisimama Cuiping, mke wa huyo mtu, mikono ndani ya mikono ya koti. Kila siku tangu Geng arudi alikuwa akija, akiuliza swali moja tu, na kila siku Geng alimjibu kama alivyoambiwa na kiongozi wao melini: atakuja na meli inayofuata. Karibu na lango alisimama Miao Dehai, binamu wa mume wake, akijitazama viatu.

Geng aliwaona wote wawili. Kijiji kizima kilijua siri ya binamu hao wawili, na kijiji kizima kilikuwa kimeifumbia macho.

"Anaitwa Miao Genlai," alisema. "Matofali yalimwangukia mguuni siku tuliyokimbia kambi. Nilimbeba mpaka bandarini, na pale daktari wa Kilibya akamchukua kwenda kumtibu hospitali ya mjini. Meli ikaondoka kabla hajarudi."

Shen alifungua daftari lake, akapitisha kidole kwenye orodha. "Genlai hayumo. Kuna Miao Dehai, na huyu amefika. Kampuni ilimpigia simu nyumbani, akathibitisha mwenyewe. Watu mia mbili na kumi na nane waliondoka, mia mbili na kumi na nane wamerudi. Hesabu imetimia, Fundi. Hakuna aliyebaki."

"Melini nilipakua supu mimi," Geng alisema. "Kila mtu bakuli moja, na kila bakuli lilipita mkononi mwangu. Mia mbili na kumi na saba, pamoja na langu."

"Labda ulikosea."

"Nilikosea?" Geng aliinuka, na koti jipya likapasuka kwapani. "Miaka miwili nawapakulia hawa watu mara tatu kwa siku. Najua nani hali kitunguu na nani anarudi kuomba pilipili. Genlai ana bakuli la bati lililobanduka rangi ukingoni, na huwa anagonga kijiko mara mbili nisimsahau. Leo unaniambia nimekosea?"

Kisha akayasema yote. Kampuni haichukui mtu wa zaidi ya miaka hamsini. Genlai alikuwa na hamsini na moja na watoto wawili shuleni, kwa hiyo akaazima hati za binamu yake, mwenye arobaini na mbili. Kule kambini aliitwa Dehai kazini na Genlai wakati wa kula.

Shen alimwashiria mpiga kamera azime. Akamvuta Geng kando, karibu na mlango wa jiko.

"Fundi wangu, nisikilize. Wale wameandika nyinyi ni wafungwa. Nikiweka hewani mtu aliyesafiri kwa hati za mwenzake, si nimewapa wanachokitafuta? Watasema, mnaona, tulisema. Jambo hili litashughulikiwa taratibu, kwa njia yake. Wewe rudi kwenye maji na chupa, pale ulikuwa umenigusa moyo."

"Nani atalishughulikia? Jina lake nani?"

Shen alifunga daftari lake.

"Yule wa mifuko ishirini hakuniuliza jina la mtu," Geng alisema, na sasa alikuwa anapiga kelele. "Wewe umeniuliza, nimekutajia, halafu hulitaka! Mtu amelala huko kwenye vita, mguu umevunjika, hajui hata neno la kuombea maji, na nyinyi mnagombana na gazeti! Gombaneni! Lakini mkimaliza mnirudishie mtu wangu!"

Alimpokonya ile karatasi yenye picha. Mwenyekiti wa kijiji alijaribu kumshika mkono, Geng akamsukuma pembeni na kupita katikati ya majirani. Dehai hakuwepo tena langoni.

Alimkuta kwake, anafunga mlango. Geng aliuzuia kwa mguu. Nyuma yake alikuja Cuiping, anahema.

"Kaka Geng, taratibu basi," Dehai alisema. "Watoto wamelala."

"Mchana kweupe huu? Walipokupigia simu, uliwaambia nini?"

"Waliniuliza tu." Midomo ya Dehai ilikuwa imekauka. "Wewe ni Miao Dehai? Nikasema ndimi. Uko nyumbani? Nikasema nipo. Mzima? Nikasema mzima. Wakanipongeza, wakakata. Sikudanganya hata neno moja, Kaka."

Geng alitamani kumzaba kibao. Mkono ulikwishainuka, mkono ule wa kuchota supu, mzito kama nyundo, na Dehai alifumba macho akiungoja. Kilichomchoma Geng zaidi ni kwamba mtu huyu alisema kweli. Kila mmoja alikuwa amesema kweli ndogo aliyoulizwa, na hizo kweli zote pamoja zilikuwa zimemwacha Genlai kitandani ng'ambo ya bahari.

Akaushusha mkono. "Piga simu. Ile namba ya wizara ya mambo ya nje, ya kusaidia wananchi walioko ng'ambo, inapita kwenye televisheni kutwa."

"Nitafungwa. Kuazimisha hati ni kosa."

"Utafungwa. Basi lile gazeti litakuwa limepata mfungwa wake mmoja."

"Kaka Geng!"

Cuiping, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi, alipita mbele yao wote wawili akaingia ndani. Alirudi na simu ya Dehai kutoka kwenye chaja, akamwekea kiganjani. "Shemeji," alisema, "watoto wangu wanakuita baba mdogo." Dehai alimtazama, akaanza kubonyeza namba, akakosea, akaanza tena.

Iliita kwa muda mrefu. Kisha ikasikika sauti ya mwanamke, imechoka, ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa wiki mbili. Dehai alitaja jina lake. Vitufe vikagongwa upande wa pili.

"Miao Dehai. Hapa inaonyesha umefika nyumbani salama. Hongera."

"Sijafika," Dehai alisema. Alikuwa analia. "Nataka kusema... sikuondoka. Sijawahi kutoka hapa. Aliyeondoka kwa jina langu ni mtu mwingine, na bado yuko huko."

Geng alisubiri simu ikatwe. Alikwisha kuandaa matusi.

"Subiri," sauti ilisema, na sasa ilikuwa imeamka. "Jina lake halisi? Umri wake halisi?"

Cuiping aliichukua simu kwa mikono yote miwili. Alitaja jina, akataja miaka hamsini na mitatu, akataja kijiji. Kila alichosema kiligongwa kwenye vitufe, polepole.

"Hospitali zina majeruhi wengi, na wengine wameandikwa bila majina," mwanamke alisema. "Nitampigia mtu wetu aliyebaki kule. Atapita vitandani. Nipe cha kumtambulisha. Aliumia mguu gani?"

Cuiping alimgeukia Geng. "Mguu gani?"

Geng aliikunjua ile karatasi. Picha ilikuwa imekatwa kiunoni. Akafumba macho. Kelele za bandari alizikumbuka, na kiu ile, na pumzi ya moto shingoni. Mguu hakuukumbuka.

"Dada, uko hewani? Wa kulia au wa kushoto?"

Basi mpishi akawapa mgongo, katikati ya ua wa Dehai, akachuchumaa nusu na kupeleka mikono nyuma, viganja wazi, kama anayesubiri mtu apande. Akabaki hivyo hivyo, akipima ni upande upi mguu wa Genlai ulining'inia mzito.